Nyumba Ambayo Benki Haikuitaka

Assalaam aleikum kwa wenzangu wa msikitini, na Bwana asifiwe kwa ninyi wa kanisani. Na wale wasioenda popote, habari zenu pia. Mwenyekiti ameniambia nisimame nieleze jinsi mimi na mke mwenzangu tulivyopata nyumba, akaniomba nieleze bila kukasirika. Mama mwenyekiti, hilo siahidi. Leo chama chetu kina wageni kutoka Arua, kwa hiyo nitajitahidi kunyoosha Kiswahili changu, lakini watu nitakaowasimulia nitawaacha waongee walivyoongea. Jina la mtu sitataja. Mke mwenzangu ni yule pale nyuma mwenye kitenge cha njano, ameshaanza kucheka na mimi bado sijasema kitu.

Marehemu mume wetu alikuwa askari. Mimi ndiye mke wa kwanza, mtoto wa mjini hapa Koboko, babu yangu alikuja na jeshi kutoka Sudan. Mwenzangu ni wa Lobule, mtu wa jembe. Marehemu alikuwa na rafiki yake wa jeshini, wakalala kambi moja miaka mingi, mwisho wakajenga nyumba moja. Paa moja, ukuta katikati, milango miwili. Nusu ya kulia yetu, nusu ya kushoto ya rafiki. Rafiki alikuwa yatima, kwa hiyo mama mkwe wetu akawa mama yao wote wawili, anawapikia chungu kimoja na kuwagombeza sawasawa. Mama huyo alipofariki, upande wetu ulikuwa mwamba mtupu, jembe linagonga na kurudi. Rafiki akasema, "Mama atalala kwangu." Tukamzika nyuma ya jiko la rafiki. Sisi wa huku mfu wetu tunamlaza nyumbani, mnajua wenyewe.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na tisa, serikali ya wanajeshi ikaanguka, na sisi watu wa askari tukawindwa. Sitausimulia, kila mmoja hapa ana wake. Tulivuka upande wa Kongo na watoto na sufuria mbili. Mume wetu alifia huko na tukamzika huko. Tuliporudi baada ya miaka mingi, nyumba haikuwa na bati, haikuwa na milango, hata misumari ilikuwa imeng'olewa. Watu tusiowajua walikuwa wamepanda mihogo mpaka kizingitini, na wakatuuliza sisi tunatafuta nani.

Karatasi hatukuwa nayo hata ya kufungia chumvi. Wazee wa mtaa wakaitwa. Wakauliza swali moja tu: "Nyinyi iko na mutu ndani ya hii kiwanja?" Tukawapeleka nyuma ya jiko, tukafyeka majani, wakaliona kaburi. Shauri likaisha pale pale. Wenye mihogo waliomba wavune tu, wakaondoka kwa amani. Ndugu zangu, lishikeni hilo, kwa sababu ndilo lililotutia wazimu baadaye. Kaburi lilikuwa limetusemea mbele ya wazee, na sisi tukadhani litatusemea mahali popote.

Tukaezeka kwa nyasi. Mimi nikauza vitenge, mwenzangu akauza unga wa muhogo, mpaka tukapata bati. Tuliezeka pande zote mbili, maana utaezekaje nusu ya nyumba? Upande wa rafiki tuliweka watoto wakubwa. Rafiki mwenyewe tulisikia yuko hai, anaishi Bombo, kule karibu na Kampala. Halmashauri ya mji ikatupa karatasi ya kiwanja yenye majina yote: mimi, mwenzangu, rafiki. Tukaona sasa tumefika.

Basi rafiki akatuma salamu na dereva wa lori. Anataka kujenga huko Bombo, anauza nusu yake. Sisi ndio wa kwanza kuulizwa, ila tukishindwa mpaka Idd, kuna mfanyabiashara anaitaka. Na mfanyabiashara haji kukaa na wewe ukuta kwa ukuta. Anakuja kuweka ghala na kusukuma mpaka utoke. Watoto wetu walikuwa wameshahesabu makimbilio ya kutosha. Nikamwambia mwenzangu, safari hii sihami.

Tukasikia kwamba benki moja kule Arua inakopesha watu kununua nyumba, wanaichukua ile nusu unayonunua kuwa rehani mpaka umalize kulipa. Tukapanda lori, juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye meno. Yule bwana wa mikopo alikuwa mtu safi mwenye shati jeupe, ametoka mbali, na Kiswahili alijifunzia barabarani kama sisi.

"Nani iko mwenye nyumba?" akauliza.

"Sisi."

"Hapana. Mwenye nyumba iko mutu moja. Nani kati yenu?"

Mwenzangu akamwangalia. "Basi chagua weye," akamwambia. "Sisi ilishindwa toka siku ya harusi."

Bwana hakucheka. Alituambia turudi Jumanne.

Jumanne nilikwenda peke yangu, maana mtu lazima abaki sokoni. Akaniuliza, "Mwenzako iko wapi? Hii ombi ni ya watu wawili." Jumanne nyingine tukaenda wawili, biashara imefungwa, akatuambia faili liko kwa meneja na meneja yuko semina. Mara nyingine faili lilikuwa limekwenda Kampala. Faili letu, ndugu zangu, lilisafiri kuliko sisi, na bila kulala juu ya magunia! Halafu likarudi, lakini sasa mtu wa kulisoma yuko likizo. Nikamuuliza, bwana, mmekataa? Akasema, "Hatukatai. Tunafikiria." Akaniambia kwa upole kabisa kwamba subira huvuta heri. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa limeshaumia. Nawaambia, mtu akikukataa unalia, unapangusa macho, unatafuta njia nyingine. Anayefikiria amekushika kwenye kola, huendi mbele wala nyuma.

Idd ilikuwa inakaribia tulipoambiwa kwamba sasa bwana mwenyewe atakuja Koboko kukagua. Atakuja kuona kama nyumba ipo na kama kiwanja hakina ubishi. Hilo neno "ubishi" ndilo lililotuponza. Mwenzangu akasema, "Akitaka kujua hakuna ubishi, si tumwonyeshe mama?" Nikaona amesema jambo la maana kuliko yote tangu nimfahamu. Tukang'oa majani. Tukazungushia kaburi mawe, tukalipiga lipu, tukalipaka chokaa mara mbili. Liling'aa hata ukisimama barabarani unaliona. Mwenzangu, ambaye mama mkwe alimwita mvivu mpaka siku ya kufa, alipaka huku anamwambia, "Haya mama, leo utasema vizuri juu yangu."

Bwana akaja. Akagonga kuta, akasifu bati, akahesabu madirisha, akanywa soda yetu. Nilikuwa naiona kalamu yake inakimbia vizuri. Nikamchukua nyuma ya jiko kwa furaha, kama mtu anayempeleka mgeni kwenye chakula.

"Hii ni nini?" akasema.

"Ushahidi wetu," nikasema. "Mama wa mume. Yeye ndiye anajulisha watu hii kiwanja iko yetu."

Kalamu ikasimama. "Mama, hii nusu ndiyo benki inaweka rehani?"

"Ndiyo."

"Mukishindwa kulipa, benki inauza. Sasa niambie, nani atanunua nyumba yenye kaburi ya watu wengine?"

Akafunga faili, akatushauri, na nadhani alidhani anatusaidia, kwamba tulihamishe kaburi, halafu benki itafikiria upya. Itafikiria! Sijamaliza kumtafsiria mwenzangu sura ya yule bwana, yeye ameshasimama mbele ya kaburi na jembe mkononi, si la kufukua.

"Mimi ndiye niliosha huyu mama," akamwambia. "Alinitukana na nikamuosha. Hatoki hapa kwa sababu ya benki. Kama munataka kufukua, anzeni na mimi."

Bwana aliondoka haraka. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia bwana, nikaikasirikia chokaa, nikamkasirikia marehemu kwa kufa mbali na kutuachia nusu nyumba. Tungeacha majani yale, pengine asingeliona kaburi. Sisi wenyewe tumelifyeka, tumelijenga, tumelipaka, tumemshika mkono tukampeleka! Kuna mtu mwingine duniani angefanya hivyo? Ni sisi tu.

Wiki hiyo hiyo rafiki akafika kutoka Bombo, na mfanyabiashara wake kutoka Arua. Nilipika chai, nikawaona wanapima vyumba kwa hatua, wanaongea mambo ya ghala. Nikaanza kufikiria tutafunga vitu gani kwanza. Kisha mfanyabiashara akaenda nyuma kuangalia jiko litakapobomolewa.

Alirudi mbio mbio. "Wewe hukuniambia," akamwambia rafiki. "Kuna mufu hapa."

"Ni mama yetu," rafiki akasema. "Kaburi ilikuwa chini, ndani ya majani, haisumbui."

"Haisumbui? Inaonekana toka barabara! Nani atanunua sukari kwa duka ya makaburi? Mimi siweki mali yangu juu ya mufu ya watu."

Akapanda gari yake, chai hakuonja.

Rafiki alikwenda nyuma peke yake. Alikaa huko mpaka nikaogopa, nikamfuata. Nilimkuta amechuchumaa, mkono juu ya lile jiwe la kichwani, chokaa imemwingia vidoleni.

"Nani amefanya hii kazi?" akauliza.

"Sisi. Tulipamba kwa ajili ya benki."

Akaniangalia kana kwamba hakusikia. Nikamweleza yote, Jumanne zote, faili, shati jeupe, kalamu iliyosimama. Alianza kucheka polepole, mwisho akakaa chini kabisa anacheka na machozi yanatoka, na hayo machozi sijui yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akasema, "Benki inaogopa mama. Mfanyabiashara inaogopa mama. Basi hii nyumba iko na mununuzi gani tena? Ni nyinyi tu. Lipeni polepole, mimi nitangoja."

Mimi nikaanza kumshukuru. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akasema, "Kama hakuna mununuzi mwingine, shemeji, bei pia ishuke." Nilimfinya. Lakini bei ilishuka.

Hapo ndipo ninyi mlipoingia, wanachama wenzangu. Rafiki alihitaji kianzio kabla hajarudi Bombo, na zamu ya kupokea fedha za chama mwezi ule haikuwa yetu. Kuna mama mmoja, amekaa hapa hapa, nimesema sitaji jina, zamu ilikuwa yake na alikuwa na mtoto wa kumpeleka shule. Alisema, "Wapewe hawa, mimi nitapokea ya kwao." Hakutuuliza tuna kaburi au hatuna. Hakusafirisha faili. Alifikiria muda wa kumeza mate tu, akaamua. Mama, mbele ya watu wote, ahsante. Mungu akulipe, maana sisi kwa hilo hatuwezi.

Namshukuru na huyu anayecheka nyuma. Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi si fahali, ni wanawake wenye midomo, na tumekaa. Angenyamaza siku ile na jembe lake, mimi kwa uchovu wangu sijui ningesema nini.

Mnataka fundisho, nawapa. Anayekuamulia akichelewa, usikae kumngoja kana kwamba yeye ndiye mlango pekee wa nyumba. Tafuta watu ambao unaweza kuwaona uso kwa uso. Wakikukataa utajua wamekukataa, wakikukubali utajua leo.

Tulimaliza kulipa. Rafiki alikuja mwenyewe kuchukua fedha za mwisho, amezeeka, anakohoa, akatupa mkono. Alikuwa na ombi moja. Alisema Bombo ni kuzuri lakini hana mtu ardhini kule. Mwenzangu akamjibu kabla yangu, kama kawaida yake: "Nafasi iko, shemeji. Upande wako hauna mwamba."

Mwaka jana tulimleta. Amelala pembeni ya mama, nyuma ya lile jiko ambalo lilikuwa lake. Sasa makaburi ni mawili, na yote tumeyapaka chokaa, barabarani unayaona. Hakuna benki itakayoigusa nyumba ile tena, na hakuna mtu atakayetutoa.