Kavinya Aliyesimama Kumsindikiza Jirani

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Kavinya, mkewe Mutisya, mama wa mtaa wa Dandora hapa Nairobi, fundi wa kutia shanga viatu vya ngozi pale soko la Kariokor. Alizikwa Jumamosi. Mtu akilia nikisimulia, alie, lakini hiki si kipindi cha huzuni. Kavinya alishinda.

Alikuwa na rafiki, Ndindi. Walipanga vyumba ploti moja, kanisa moja, kibanda kimoja sokoni. Kisha mambo ya Ndindi yakanyooka. Mwanawe alipata kazi nzuri, akamjengea mama nyumba ya mawe kwao Kitui. Kavinya akabaki kwenye chumba cha kupanga, na wivu ukamwingia.

Mnajua desturi kanisani. Mtu mwenye shukrani haendi mbele peke yake. Wenzake husimama, wakamsindikiza kwa nyimbo hadi madhabahuni. Ndindi alipoitwa kushukuru kwa ile nyumba, kina mama wote walisimama. Kavinya aliketi. Alijifanya anatafuta mstari, na Biblia yenyewe ameishika kichwa chini, miguu juu. Ndindi aliona. Kanisa zima liliona.

Tangu siku hiyo walifanya kazi wakipeana mgongo.  Na Kavinya alikuwa mtu wa maombi, hilo ndilo lililomuumiza. Aliomba kila asubuhi aondolewe wivu, na wivu ukazidi kunenepa.

Binti yake, Kaluki, anakumbuka asubuhi moja alimsikia mama akiomba: Bwana, mbona Ndindi hiki, mbona Ndindi kile. Kaluki akamuuliza, "Mama, kwani unamwombea anti Ndindi ama unamshtaki?"

 Kavinya akacheka, halafu akalia. Akapiga magoti upya. Safari hii alimshukuru Mungu kwa nyumba ya Ndindi, chumba kwa chumba, hadi jikoni. Maneno yalimkwama. Hakuacha. Alirudia wiki baada ya wiki, mpaka akagundua kwamba sasa anayamaanisha. Basi akamwendea Ndindi kibandani, akamwambia wazi kwamba alimwonea wivu na anaomba msamaha. Ndindi aliweka sindano chini, akamkumbatia.

Mwaka uliofuata Ndindi alipata mjukuu, akaitwa mbele tena. Mchungaji hajamaliza kutaja jina, Kavinya keshasimama. Alicheza kutoka kiti cha nyuma hadi madhabahuni. Leso ilimdondoka, hakujali. Huo ndio ushindi, wasikilizaji wapendwa. Hakupata nyumba. Alishinda wivu. Moyo wangu unafurahi hata kuwasimulia.

Kavinya alipolazwa hospitalini mwezi uliopita, Ndindi alimlilia, akisikitika kwamba rafiki yake anaondoka angali mpangaji. Jibu alilompa Kavinya, Ndindi ameniruhusu niwaambie: "Siombi tena kuwa wewe, Ndindi. Yesu ananitosha, na nimefurahi kuwa Kavinya."

Mzee Mutisya, pole sana. Kaluki, pole. Ndindi, pole nawe, kwa maana umefiwa na ndugu. Mungu awafariji nyote.

Nawe unayenisikiliza, usiishie kusema tu kwamba alikuwa mama mwema. Leo kabla ya kulala, mkumbuke yule aliyekuzidi, yule ambaye habari zake njema zinakukera. Mtaje kwa jina, umshukuru Mungu kwa alicho nacho. Ikikushinda leo, kesho mtaje tena.