Fundi Mishale na Saa ya Gari la Mkunga

Ndugu, majirani na mafundi wenzetu mliokuja kutusindikizia kaka yetu, familia imenipa mimi, dada yake anayemfuata, kazi ya kusoma maisha yake, nami nimekubali kwa sharti moja tu, kwamba nitayasoma yalivyokuwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mishale, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika vyumba viwili nyuma ya stendi ya mabasi, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, na sekondari aliiona kwa miaka miwili tu, kwa sababu baba alipata ajali, akawa hawezi tena kushika usukani, hivyo mwaka 1974 kaka akaingia gereji kuosha magari.

Humo hakufundishwa na mtu. Aliokota geji za dashibodi zilizotupwa, akazifungua juu ya gazeti, akaziharibu nyingi, mpaka siku moja mshale ukapanda na kushuka alivyotaka yeye. Cheti hakuwa nacho, kama mimi nisivyo nacho cha kushona viti vya magari, na aliyekuja kuulizia cheti alionyeshwa mlango. Kuanzia 1981 alikuwa na chumba chake pembeni ya gereji, akifufua saa na geji za magari ya zamani, akirudishia namba zilizofutika kwa brashi ya nywele chache, na geji ya mafuta hakuikabidhi mpaka amimine mafuta kwenye tangi lita moja moja, macho kwenye mshale. Mteja mmoja alilalamika kwamba mshale wake unashuka upesi mno, akaulizwa mbele ya watu, "Sasa bosi, unataka geji ikwambie ukweli au ikubembeleze?" Alinuna, akaondoka, kisha akaleta gari la pili.

Mwaka 1984 mpiga chapa wa ofisi moja alitumwa kuja kugomba, maana gari la mkubwa wake lilikuwa limechelewa, akagomba barabara, na kesho yake akarudi kugomba tena ingawa gari lilishaondoka. Tarehe 14 Desemba mwaka huohuo walifunga ndoa, naye ndiye wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa mtoto wa kike na wa kiume, na wajukuu watatu.

Mwaka 2018 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Aliuficha kwenye mfuko wa aproni, sisi tukajifanya hatuoni, mpaka wifi alipomburuta hospitali, na daktari akaeleza bila kuzunguka kwamba ugonjwa huu hauponi, hupunguzwa makali tu. Kazi nyingine aliziacha, akabaki na gari moja, la mkunga mstaafu, aliloachiwa na marehemu mumewe. Geji zote zilikamilika, ikabaki saa ya dashibodi, yenye springi nyembamba kama unywele, na hiyo ndiyo aliyotaka kuimaliza kabla mkono haujamkatalia kabisa.

Mwanawe wa kiume, kwa huruma, alimwambia, "Baba, tuweke mashine ya betri ndani, nani atafungua?" Akajibu, "Basi iandike usoni kwamba ni ya betri, kama huoni haya." Januari mwaka huu alimpa binti yake kibano, na kwa kuwa mtetemo wake ulikuwa ukitikisa meza, alihamisha kiti hadi mlangoni, akawa anaelekeza kwa mdomo, "Taratibu, mama, hiyo siyo nati." Nimemwona kaka yangu akiwa amekasirika, amefilisika, hata amefiwa, lakini sijawahi kumwona ametulia kama alivyokuwa pale mlangoni.

Mwezi Mei alishindwa kumeza, akalazwa, na alfajiri ya tarehe 3 Juni akatutoka. Jana jamaa mmoja alinishauri niandike kwamba saa ile aliimaliza, eti inapendeza. Haipendezi, ni uongo, na yeye angenyanyuka humo alimo. Hakuimaliza. Binti ataendelea nayo, na mkunga, ambaye yuko nasi hapa, amemwambia, "Mwanangu, hata ikichukua miaka, mimi nangoja."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi sebuleni tangu Juni 3, na mafundi wa gereji waliofunga kazi leo bila kuombwa. Mama mkunga, wewe tunakushukuru peke yako.

Kaka, pumzika kwa utulivu, hakuna anayekuharakisha.