Dale Emil Kinnunen (1968–2023), Aliyeanza Masomo ya Polisi Akiwa na Miaka Hamsini na Miwili

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa mjomba wangu, marehemu Dale Emil Kinnunen, ni kwamba alikuwa hawezi kula upepo ukibadilika. Nilikuwa na miaka sita, tuko mezani kwa bibi siku ya Krismasi. Mjomba, ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa theluji, alisimamisha uma hewani akawa anasikiliza kama upepo unaifukia barabara. Bibi alimwambia barabara haina miguu, haitakwenda popote, ale kwanza. Hakula.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1968 hapa Alder Falls, kaskazini mwa Minnesota, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Emil na Irene Kinnunen. Alibatizwa katika kanisa hili hili la Kilutheri. Alimaliza sekondari mwaka 1987, na ripoti zake zinamtaja kuwa kijana mwema anayekagua majibu yake mpaka karatasi inyang'anywe mkononi.

Tarehe 8 Juni 1991 alifunga ndoa na Bernadette Skraba, wakajaliwa watoto wawili, Aaron na Leah. Bernadette husimulia kwamba asubuhi ya harusi bwana harusi alirudi nyumbani mara mbili kuhakikisha jiko limezimwa. Jiko lenyewe lilikuwa la kuni, na halikuwa limewashwa tangu Aprili.

Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha gari la wilaya la kuondoa theluji. Tarehe 19 Januari 2014 alikuta gari limeserereka mtaroni. Dereva alikuwa amelewa, na nyuma walikaa watoto wawili. Marehemu alimsihi ampe ufunguo. Yule bwana alimuuliza yeye ni nani, akalikwamua gari na kuondoka. Marehemu alimfuata kwa dakika hamsini na mbili, taa zote zikiwaka, mpaka askari wa wilaya alipofika kutoka mjini. Watoto walikuwa salama, lakini yeye hakupata usingizi juma zima. Alimwambia Bernadette, "Nilikuwa na tani kumi na mbili za chuma, na sikuwa na haki ya kumwambia mtu ashuke."

Agosti 2021 alistaafu, akajiandikisha kozi ya polisi katika chuo cha jamii. Mimi nilikuwa darasa hilo hilo. Wenzetu wa miaka kumi na tisa walimwita Babu. Aliandika sheria za upekuzi kwenye kadi na kuzibandika ndani ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, wino ukachuruzika, akaziandika upya. Kabla ya kila jaribio alituuliza kama tumelala na kama tumekula, kisha yeye mwenyewe hakula.

Machi mwaka huu tulifanya mtihani wa vitendo. Ndani ya nyumba ya mazoezi, wanafunzi wa maigizo walijifanya mume na mke wanaogombana. Marehemu alibisha hodi, akajitambulisha vizuri, akaingia, akavua buti mlangoni kama tunavyofanya sote nyumbani kwa mtu. Mume alikimbilia mlango wa nyuma. Marehemu alimfukuza kwenye theluji akiwa na soksi.

"Babu, mtu huyo anatoroka, wewe unamlindia zulia," alisema kijana mmoja, Tyler Maki.

"Bibi yako angenichapa kama ningeingia na tope," alijibu marehemu.

Tulicheka, lakini alikuwa ameshindwa, na chuo huruhusu marudio mara moja tu.

Maumivu ya kifua yalikuwa yameanza Februari. Daktari alitaka apasuliwe Aprili. Marehemu aliomba tarehe 9 Mei, kwa sababu marudio yalikuwa tarehe 21 Aprili na mtihani wa leseni tarehe 4 Mei, na maombi ya nafasi ya kwanza ya askari atakayeishi huku huku kaskazini yanafungwa Juni mosi. Yeye na mkewe walibishana jikoni, na mimi nilikuwepo.

"Dale, moyo hauna marudio," alisema Bernadette.

"Na mimi sina mwaka mwingine, mama. Nipe wiki tatu tu."

Alimpa, ingawa kila asubuhi alimpima shinikizo la damu kabla hajamruhusu kugusa kadi zake. Marudio alifaulu. Mtihani wa leseni aliufanya Alhamisi, akatoka wa mwisho ukumbini, na njia nzima ya kurudi alinieleza swali la arobaini na moja, kwamba alibadilisha jibu, kisha akalirudisha. Jumamosi tarehe 6 Mei, saa moja asubuhi, moyo wake ulisimama akiwa bustanini kwake.

Ameacha mjane, Bernadette. Watoto, Aaron na Leah. Mjukuu mmoja, Signe. Mama yake mzazi, Irene. Na dada yake Carol, ambaye ni mama yangu. Tunamwomba Mungu ampumzishe, na amwondolee wasiwasi wote.

Matokeo ya mtihani wa leseni yatafika kwa posta Jumatatu, tarehe 15 Mei. Bernadette hataki mtu amfungulie bahasha, wala chuo kimpigie simu. Gari la posta hupita saa nne na nusu asubuhi. Anasema kahawa na mkate wa iliki vitakuwa mezani kuanzia saa nne, na anayetaka kusubiri naye aje.