Kona Inayotembea

Cheka tu, mama watoto, aibu zangu zote umeshaziona na hii ya leo haitakuua. Sikilizeni wanangu, niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mama yenu atawasimulia nikiwa kaburini na ataongeza chumvi: nimeamka mchana huu, miwani sijui iko wapi, nikamwona mwanangu wa kiume amesimama pale mlangoni kimya, nikajua amekuja kuagwa, nikanyoosha mkono, nikamwombea dua nzima, nikamsamehe yote na gari nikamwachia. Kumbe ni koti. Koti la mjomba wenu, liko kwenye msumari wake siku zote, na mimi nimelirithisha gari. Basi wewe ukilitaka hilo gari, kalidai kwa koti.

Kaeni sasa. Wewe binti yangu, kifungua mimba, kaa huku miguuni, na wewe mdogo wake chukua kiti, na msigeuziane migongo, chumba chenyewe hiki kidogo. Nyumba ni ya mama yenu, asiiguse mtu mpaka aseme yeye. Chekeche zangu za kupimia mchanga na ile nyundo ya kushindilia sampuli ni za binti yangu, ndiye aliyerithi balaa la maabara. Vile vipande vya lami nilivyovikata kwenye barabara za nchi za watu, ambavyo nyinyi mmevifanya vya kuzuia milango isijifunge, gawaneni. Kuna cha jangwani, kuna cha milima yenye baridi ya kukata masikio, vyote nilivibeba kwenye sanduku palipotakiwa kukaa zawadi, na mama yenu akaninunia hadi leo. Jirani wa mbwa naye mwambieni yameisha, nimechoka kumchukia, inataka nguvu.

Koti halirithiwi, na hapo ndipo yalipo maneno yangu. Mjomba wenu, Taratibu kama alivyoitwa kazini, aliendesha rola la kushindilia barabara, na mimi nilikuwa mpishi wa mchanganyiko: kokoto kiasi gani, mchanga upi, lami kiasi gani. Watu wanadhani lami ni kama rangi ya ukuta, unapaka unaondoka. Ikizidi, jua likiwaka barabara inatoka jasho na magari yanateleza. Ikipungua, kokoto zinang'oka moja moja kama meno yangu haya. Lakini mchanga ndio uliotutesa. Wa mtoni umeviringishwa na maji tangu zamani, punje zake ni gololi tupu, hazishikani. Ukipitisha rola juu, lami haikai chini, inakimbilia mbele, inajikunja kama shuka la mgonjwa. Sisi tulisema inatembea. Mchanga wa mawe yaliyosagwa una pembe, punje inamkamata jirani yake, na dereva anasikia kwenye makalio kwamba rola limekaa.

Kona ya kiwanda cha viberiti ilitembea. Nilikuwa nimeandika mchanga wa kusaga, kinu kikaharibika, mkandarasi akaleta wa mtoni. Taratibu akazima rola. Mkandarasi akafoka weee, na yeye akamjibu kwa upole kwamba ukiilazimisha sasa itapasuka, iache ipoe itulie, ataimalizia ingali na vuguvugu. Akaenda kukaa kando ya barabara, akajifunika koti hilo, akaniambia, “Shemeji, ikitulia niamshe.” Mimi nikawa naikanyaga kwa kisigino natazama alama. Alama ilipoanza kufifia nikaenda kumwamsha. Hakuamka. Daktari alisema ni moyo, umezimika tu, kama alivyolizima rola.

Akaimalizia mtu mwingine kesho yake, baridi kama jiwe, na tangu hapo ile kona haijakaa. Wameiziba, wameikwangua, wameimwagia mchanga uleule kwa kuwa mto uko karibu, na kila kiangazi inajikunja upya.

Naye anakuja. Msitazamane, homa zangu nazijua, hii si homa. Alasiri mkiwa sebuleni na soga zenu, nasikia rola linakwenda, linarudi, linazimwa hapo nje ya dirisha. Shuka hili linanuka lami ya moto. Mwulizeni mama yenu, kila akilifua linarudi na harufu ileile. Halafu ananiuliza kutoka mlangoni, bila hasira, kama mtu aliyeshtuka usingizini, “Shemeji, imetulia?” Namwambia bado. Nifanyeje? Nikimdanganya atakwenda kuikanyaga mwenyewe. Anasema haya, anarudi kukaa pale kando ya barabara, na anayemrudisha kila siku ni mimi.

Sasa kona hiyo umepewa wewe kuijenga upya, mwanangu. Dada yako ameukataa mchanga wako, hajatia sahihi, na tangu siku hiyo mnapitana kwenye korido kama wapangaji. Unasema anakuonea, kwamba wa kusaga unatoka mbali, gharama ya malori itakumaliza. Inawezekana. Mimi si bosi wako tena, nakuomba kama maiti mtarajiwa: usimrudishe mjomba wako kukaa pale kando ya barabara. Na wewe binti yangu, una haki, lakini usiishike kama rungu. Simama naye kazini siku hiyo, vumbi likuingie puani kama linavyomwingia yeye. Ikianza kutembea lizimeni rola, ngojeni pamoja, na asilale mtu.

Koti mlichukue. Rola likipita mara ya mwisho mkanyage kwa kisigino, na pasipokuwa na alama, mama yenu amwambie mjomba wenu kwa sauti kwamba imetulia, maana ni kaka yake, mimi hataniamini tena. Kisha lifueni, mpeni mwenye baridi.

Sogeeni. Huu mkono ni wako, au ni koti tena? Mungu awa... awashikanishe. Awape pembe, wanangu, msiwe gololi. Mama watoto, nishike huku... hapo. Ngojeni. Nyamazeni kidogo. Limezimwa, mnasikia? Yuko mlangoni. Mwanangu, anauliza. Nimwambie nini?

“Mwambie bado, ila asikae chini. Mchanga wa mtoni nimeurudisha.”