Mchagueni Huyu, Kichwa cha Chuma

Pa. Pa. Pa. Kiganja juu ya bati. Saa nane za usiku nikaamka, nikapapasa kitandani, mwanangu Cindy yupo, babake hayupo, na ile pa pa inakwenda na kurudi ukutani upande wa kabati, nikasema mwizi huyo, nikashika mwiko maana ndio uliokuwa karibu, nikawasha taa ya simu, kumbe ni mume wangu, Wafula. Amesimama anapapasa ukuta, anatafuta mlango upande usio na mlango, na nyumba yenyewe ni chumba kimoja, tumekaa humo miaka mitatu. Nikamwita. Akageuka, akacheka, akaniuliza, "Nyevu, nani amehamisha mlango?" Halafu akajishika kichwa akakaa chini, na cheko likamtoka. Akaniambia, usimwambie mtu. Jumamosi wanasoma majina. Ukisema, umenikata miguu. Nikaapa kwamba sitasema.

Kwa kiapo hicho, kesho yake alasiri nikaenda kuuza kahawa. Kijiwe chetu kiko hapa Timbwani, ubao mmoja mrefu juu ya matairi mawili ya lori, mimi na dele langu la kahawa na sufuria ya kaimati upande huu, Cindy mgongoni, wao watatu upande ule. Mzee Ruwa tunamwita Spika, kwa sababu alivuta kamba za feri miaka ishirini na sita akipigia abiria kelele, na kazi ilipokwisha kelele hazikwisha. Oduor ni Injinia, hutengeneza pikipiki, na kila pikipiki aliyoitengeneza hurudi kumsalimu. Kombe ni Dokta. Alikuwa bawabu wa zahanati. Na mada yao wiki nzima ilikuwa moja tu, mume wangu, maana timu ya taifa ya raga inakwenda ziara Ureno, wameitwa vijana arobaini kujaribiwa, thelathini ndio watakaopanda ndege, na katika hao arobaini, wa Timbwani ni Wafula peke yake. Yeye husimama mstari wa mbele, pale wanaposhikana mabega na kusukumana kama mafahali.

Spika akagonga ubao kwa funguo.

— Kikao kimeanza. Hoja ni moja. Kijana wetu atachukuliwa au hatachukuliwa?

— Atachukuliwa, akasema Injinia, lakini si kwa mchezo. Mnadhani mtu huchaguliwa kwa mchezo? Jezi zishashonwa, buda! Thelathini, ziko kwa kabati. Sasa wanasaka miili ya kuingia ndani. Shemeji, mwambie Wafula avute tumbo.

— Asilivute, akasema Dokta. Ureno kuna baridi. Kamati inatazama mafuta. Mtu mkavu kule hupasuka kama mwiko.

— Ureno si nchi ya baridi hivyo, nikasema. Tulisoma jiografia.

— Mama Cindy, wewe mimina.

Nikamimina. Kahawa ikafurika, ikamwagikia kisahani, hakuna aliyeona, maana Spika alikuwa amesimama, na Spika akisimama mtu hatazami pengine.

— Nyote hamjui vyombo, akasema. Ndege ni feri iliyopewa mbawa. Ukijaza malori mbele, chombo kinainama. Kwa hivyo anayechagua timu si kocha, ni rubani! Rubani anamwambia kocha, nipe wanane wazito niwakalishe katikati, wembamba nitawatupa mkiani. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali imeingiaje hapo, mzee?

— Kilo na kilo, Injinia. Kilo na kilo.

— Mmesahau viongozi, akasema Dokta, akalamba sukari ya kaimati kidoleni. Wachezaji thelathini, viongozi hamsini. Kuna wa kubeba mpira. Kuna wa kumshikia mwavuli wa kubeba mpira. Kuna mke wa mwenye mwavuli, na dadake mke, anakwenda kununua viatu. Viti havitoshi! Basi mchezaji anayechaguliwa ni yule anayeweza kumpakata kiongozi mapajani kutoka Nairobi hadi Ureno bila kufa ganzi.

Wakamfikiria Wafula.

— Mapaja anayo, akasema Injinia.

— Hapo hana mpinzani, akasema Spika.

Nikacheka na mimi. Ningefanyaje? Nilicheka huku nahesabu, ile Jumapili waliyocheza na leo Alhamisi, siku kumi na moja, na katika hizo siku kumi na moja mume wangu ametia chumvi kwenye chai mara mbili akainywa yote, amekaa kitandani amevaa kiatu kimoja akingoja sijui nini, mwanga wa dirisha unamuuma macho, na mimi nikijiambia ni uchovu, ni magunia ya kazini, ni uchovu tu. Biolojia ya kidato cha tatu tulichora fuvu. Mwalimu alitikisa mtungi wenye maji na limau ndani, akasema, ubongo ndio hivi, fuvu likigonga nje, limau linagonga ndani. Mimi nililichora lile limau vizuri, nikapewa alama zote.

— Lakini kwani waende Ureno kufanya nini, si wangecheza hapa hapa? akauliza Dokta.

— Wahenga walilijibu, akasema Spika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yaani, ukitaka kumpiga mtu usimngoje kwako. Mwendee kwake, umpige, urudi zako, yeye abaki akipona.

— Wazee mnachelewa, akasema Injinia akitoa simu. Mimi nishamaliza kazi. Ile video nimerusha. Nimeitia kwenye ukurasa wa timu, nimemtumia kocha, nimewatumia kamati mmoja mmoja. Watu elfu kumi na moja wameiona! Shemeji, wewe si hukuja mechi? Tazama bwanako.

Ile Jumapili Cindy alikuwa na homa, sikwenda. Wafula aliniambia aligongwa kidogo. Kidogo, alisema. Sasa nikainama nikatazama. Anakuja na ule mpira wao mfano wa yai, anakuja vizuri, halafu goti la jitu moja linampata hapa, ubavuni mwa kichwa, na anaanguka bila kutanguliza mikono. Gunia huanguka vile. Mtu hutanguliza mikono. Analala. Sauti ya Dokta inapiga ukelele, mwagieni maji! Anamwagiwa maji ya chupa. Anainuliwa, watu wanapiga makofi, naye anakwenda taratibu, anajipanga mstarini, bega kwa bega na wale maadui, akiwatazama wenzake kama wageni. Uwanja mzima unacheka. Na chini Injinia ameandika kwa herufi kubwa: MCHAGUENI HUYU, KICHWA CHA CHUMA.

— Hapo alikuwa akiwapeleleza, akasema Spika kwa fahari.

— Mbona havai ile kofia laini wanayovaa wengine? akauliza Dokta.

— Haihitaji. Kichwa cha kuku hakistahimili kilemba.

— Sasa mzee umemwita kuku.

— Nimemwita kichwa.

Mimi sikuwasikia vizuri tena. Nilikuwa naona mlango. Mlango upande usio na mlango, na mstari upande usio wake, ni kitu kimoja, si uchovu, ni kitu kimoja, na watu elfu kumi na moja wamekiona wakacheka, mimi mkewe nimekiona usiku nimeshika mwiko.

Hapo ikasimama pikipiki, akashuka mwanamke wa makamo, suruali ya michezo, begi mgongoni.

— Hamjambo wazee wangu. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu, akasema Spika. Karibu kahawa.

— Asante. Naitwa Mwende. Nimetoka Nairobi, mimi huangalia afya za wachezaji wa raga. Nimemtafuta Wafula kwake sikumpata, jirani akaniambia mkewe anauza kahawa hapa. Ninyi ndio mlituma video yake?

Jamani. Nilitamani ubao ule uvunjike. Wao walisogea wote watatu wampe nafasi, Dokta akafuta ubao kwa kofia yake, Injinia akavuta shati lake lenye grisi.

— Ndio sisi, akasema Injinia. Madam, huyo ni chuma! Alilala chini dakika mbili nzima, akaamka.

— Mbili? akasema Dokta. Mimi nilikuwepo. Zilikuwa tano.

— Tano ni za kumwagia maji, akasema Spika. Kabla ya maji kulikuwa na kumi. Robo saa, mwanangu! Maiti kabisa. Macho yamegeuka meupe. Halafu akainuka akacheza hadi mwisho.

— Na jina lake alikuwa amesahau, akaongeza Dokta. Alisema yeye ni babake.

— Mimi aliniita Mueni, akasema Injinia. Mueni ni nani, hata sijui. Lakini mpira hakuusahau!

Mwende alikuwa akiandika. Kila wakiongeza, naye anaongeza mstari, na wao wakiona kalamu inakwenda wanazidi, wanamlaza mume wangu chini saa nzima, wanamtoa damu puani ambayo hata kwenye video haikuwepo. Walidhani kila mstari ni kiti cha ndege. Nilitaka kusema nyamazeni, mnammaliza, na nilitaka waendelee, waendelee, waseme wao ili nisiseme mimi.

Mwende akafunga kalamu. Akanywa funda moja la kahawa.

— Siku hiyo alipoanguka, nani alimpeleka hospitali?

Spika akamtazama Injinia. Injinia akatazama simu.

— Dokta alimwona, akasema Spika mwishowe, polepole.

— Daktari yupi?

Vidole viwili vikamwelekea Kombe. Kombe akajikunja.

— Mimi ni jina tu, akasema. Nilikuwa mlangoni mwa zahanati miaka tisa. Nilimpa soda. Nikamwambia alale.

Mwende hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Akageuka kwangu.

— Dada, wewe ndiwe mkewe? Analalaje?

Nikamwona Wafula akiwa na umri wa miaka kumi na saba, kule kwao Bungoma, alivyonihadithia, akifunga viatu vya kuazima kwa kamba ya katani. Nikamwona akisoma ile orodha ya arobaini, akaipiga picha, akampa Cindy aibusu. Ureno. Hakuna mtu wa kwao aliyepanda ndege. Halafu nikamwona tena akiegemea bega kwa bega na watu wasiokuwa wake, na jitu jingine likija na goti.

Nikasema. Sikusema, nilimwaga, mlango, chumvi, kiatu kimoja, dirisha, usiniulize nimekuwaje, yote kwa pumzi moja, Cindy mgongoni akaanza kulia nami nikaendelea juu ya kilio chake, na yule mama hakuandika hata neno.

— Haendi Ureno, akasema. Kesho asubuhi nitampeleka mwenyewe kupigwa picha ya kichwa, nitamwambia ni kipimo cha wote arobaini. Kichwa kikikubali, ziara nyingine zipo. Na jina lako silitaji, kwa kamati video inatosha.

Akaagana, akapanda pikipiki yake. Injinia alikuwa akiifuta ile video, kidole kinakosa pa kubonyeza.

— Shemeji, akasema, haki ya Mungu nilidhani namsaidia.

— Akiuliza kwa nini jina halimo, mtamwambia nini? nikauliza.

Wakafikiri. Halafu kijiwe kikarudi polepole, kama injini ya Injinia.

— Tutasema jezi.

— Tutasema rubani.

— Tutasema kamati imeoza, akasema Dokta, wamechukua watoto wa shangazi zao. Si ndiyo tunayosema kila mwaka?

— Na safari hii, akasema Spika, ndiyo mara ya kwanza imechagua vizuri, na ndiyo tutaitukana zaidi. Kuleni kiapo, nyote. Hili halitoki kwenye ubao huu.

Wakaapa, mikono juu. Watu hawa watatu walitangaza ujauzito wangu wa Cindy kabla sijamwambia Wafula.

— Kahawa imekwisha, nikasema, na dele lilikuwa zito mkononi.

Lakini hawakuwahi kuinuka, kwani Wafula alikuwa ameshatokea, anatoka kazini, vumbi la magunia nyweleni, mkono juu ya macho akijikinga na jua. Akakaa kwenye ubao. Spika akawa anatazama matairi, Injinia akakumbuka pikipiki fulani, Dokta akasema tu, pole na kazi, mwanangu, akampa kaimati yake ya mwisho.

Wafula akatazama kikombe cha Mwende, cha nne pale ubaoni, bado kina moshi. Akanitazama mimi.

— Nyevu. Hukumwambia mtu?

Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, mbele ya watu, jambo ambalo kwetu hatulifanyi.

— Sitamwambia mtu mwingine.