Bunduki ya Kimuli Ipo Ndani

Sajenti Meja Auleria Polikarpi anavua sare leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kulitumikia Jeshi la Polisi miaka thelathini na minne. Kumi na tisa ya mwisho ameitumia hapa kituoni kwetu, akipokea malalamiko ya ugomvi wa nyumbani na kutunza ghala la silaha. Zamani kazi hizo zilikuwa za watu wawili. Ni yeye aliyeziunganisha, na sababu nitaieleza.

Aliyepewa kusoma wasifu huu ni mimi, Koplo Mudathir Saleh, mtoto wa duka la vitambaa. Kwa miaka sita Afande amekicheka Kiswahili changu cha bibi yangu wa Tanga. Nikimwambia mtuhumiwa "tafadhali" mara mbili, aliniuliza kama nimekuja kumkamata au kumposa. Basi leo narudia kwa makusudi: tutakukumbuka, Afande, tutakukumbuka mno.

Wageni wajue jambo moja. Huku kwetu mke akipigwa hukimbilia kwao. Mume, hasira zikishamwisha, huwafuata wakwe akiwa na wazee wake na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wakwe wakipokea na kunywa, yamekwisha, na anayeyafufua anaonekana hana adabu. Ni desturi nzuri, imeokoa ndoa nyingi. Ila walioianzisha hawakuwa na bunduki ndani ya nyumba.

Mwaka 2008 Adela, mke wa mkulima mmoja wa Bweranyange, alikuja kueleza kwamba mumewe amemwelekezea bunduki ya kufukuzia nyani. Afande akaenda akaichukua. Wiki mbili baadaye wazee wa pande zote mbili waliingia kituoni wakicheka, kibuyu mkononi, Adela katikati yao. Afande ni binti wa mpika rubisi wa Rugera, desturi hiyo ameinyonya pamoja na maziwa. Alipokea, akanywa nao, akairudisha bunduki. Siku ya tisa Adela aliuawa kwa bunduki ileile, akipalilia maharage.

Hajawahi kulificha. Kila askari mpya aliyeripoti hapa alisimuliwa, na kila mara Afande alisema kosa ni lake, si la rubisi wala la wazee. Tangu siku ile hajaionja. Harusini, msibani, hata Krismasi kwa baba yake, hukishika kibuyu, hunusa, hufumba macho kidogo, kisha humpitishia wa pembeni. Mimi nimemwona. Mama wa watu anaitamani, jamani!

Ndipo akaja na utaratibu wake: bunduki kwanza, rubisi baadaye. Akisikia tu kwamba mke fulani amekimbilia kwao, alipanda pikipiki kwenda kwa mume, na akishaamkiwa aliuliza silaha iko wapi kabla hata ya kuuliza nani kampiga nani. Silaha ikaja ghalani, barua ya kusimamisha kibali ikapelekwa kwa wakubwa, na wanandoa wakaachwa wapatane watakavyo. Wakubwa wengine walimwona mkaidi. Ni mkaidi kweli, tena sana.

Ndivyo alivyoichukua bunduki ya Theoneste wa Kimuli, miaka minne iliyopita, mkewe Mukabera alipokimbia na mtoto mgongoni. Walipatana, rubisi ikanywewa, Mukabera akarudi kwake. Bunduki haikurudi. Theoneste akalalamika kwamba nyani watammalizia mahindi. Afande akamtafutia mbwa wawili, akawapeleka mwenyewe ndani ya kikapu mgongoni, na mmoja akamkojolea sare njia nzima. Mbwa wamefanya kazi. Nyani wamehamia kwa majirani, ambao sasa wanatulaumu sisi.

Tangu hapo, kila asubuhi, kabla hujamaliza shikamoo yako, Afande alikuuliza kama ya Theoneste ipo. Ulikwenda ghalani, ukaitazama kwa macho, ukarudi kumjibu kwamba ipo. Hapo ndipo alipoigusa chai yake. Tulimtania sana kwa hilo. Sasa nawaza asubuhi ya kesho, kikombe chake kipo na swali halipo, na moyo unaniuma.

Alhamisi iliyopita, baada ya kusikia Afande anaondoka na funguo za ghala naachiwa mimi, Theoneste alikuja na baba yake mdogo, Mzee Athanasi, na kibuyu. Mzee alizungumza vizuri mno. Alisema ni miaka minne bila ugomvi, mama mkali anakwenda kupumzika, na kijana mpya aanze kwa heri. Akaninyooshea kibuyu. Nilisema dini yangu hairuhusu. Akasema nisinywe, nishike tu. Ningeshika, ningekuwa nimekubali. Sikufichi, nilimwogopa mzee yule. Mikono niliiweka nyuma, nikawapa viti, nikawapa chai ya tangawizi, nikawasindikiza hadi barabarani. Bunduki haikutoka.

Nilipomsimulia Afande, alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akajifuta macho, akamtaja Adela.

Asante kwa miaka yote, Afande. Asante kwa kutugombeza. Mungu akupe afya, na migomba ya Rugera ikuzoee upya. Ukipita njia hii, ingia bila hodi.

Limebaki moja. Yule mwenye kitenge cha njano, kiti cha mbele, ni Mukabera. Ametoka Kimuli asubuhi hii na kibuyu cha rubisi ya ndizi za shamba lake, na amesema hakuja kumwombea mtu kitu chochote, amekuletea wewe. Kabla sijaja hapa nilifungua ghala, nikaitazama kwa macho.

Ipo, Afande. Kunywa.