Opereta na Vayoleti za Koridoni

Zamani ukipiga simu ofisini ulipokelewa na binadamu aliyekujua kwa sauti. Siku hizi unapokelewa na mashine inayokuamuru ubonyeze moja, kisha inakupigia muziki mpaka uchoke. Binadamu huyo, kwa miaka ishirini na saba, alikuwa marehemu dada yetu, ambaye hata watoto wa jirani walimwita Opereta.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi cherehani. Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee. Mama alisema alijifunza kusimama kwa kushika miguu ya cherehani, na tangu hapo hakuwahi kukaa kimya.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari hadi kidato cha pili, baba alipoanza kupoteza macho na mtu akahitajika dukani. Yaliyobaki alijisomea, sawa na kaka yake mkubwa anayeandika haya, kwa magazeti ya jana na vitabu vya kuazima, enzi ambazo mtu aliazima kitabu akakirudisha.

Mwaka 1972 aliajiriwa kupokea simu katika ofisi ya mizigo. Alikuwa na kibanda cha vioo, kiti cha kuzunguka na nyaya alizochomeka na kuchomoa bila kutazama. Alijua nani amegombana na mkewe kwa jinsi alivyosema "haloo", na siri hiyo haikutoka kibandani. Huko ndiko alikokutana na dereva wa lori aliyepiga simu kila kituo kuulizia mizigo ambayo tayari ilikuwa imefika. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974, na mpaka leo sisi mashemeji tunamwita Dereva.

Meneja mmoja alipohamishwa aliacha kwenye dirisha la koridoni vyungu vya vayoleti, yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya. Hakuna aliyeyajali. Watu waliyamwagia chai iliyopoa, na yakaota shingo ndefu tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Mwaka 1999 ilipoletwa mashine, Opereta akapunguzwa kazini pamoja na wengine. Wenzake waliondoka na feni na viti. Yeye aliondoka na boksi la vyungu. Mlinzi wa getini akamuuliza amebeba nini.

"Wafanyakazi wenzangu," akamjibu. "Nao wamepunguzwa."

Nyumbani aliyapanga mezani akaanza kuyatibu. Aliondoa majani ya chini yaliyochoka, akaikwangua ile shingo taratibu kwa kisu, akakata mizizi iliyooza, kisha akaupanda mmea upya katika chungu kidogo kuliko cha kwanza, shingo yote ikiwa ndani ya udongo. Maji aliyaweka kwenye kisahani cha chini, yapande yenyewe. Dereva alipoona kilichobaki akampa pole, akidhani maua yamekufa. Baada ya wiki kadhaa yalichanua. Majirani wakaanza kumletea ya kwao, na wengi aliwagombeza kwanza: walikuwa wameyapa vyungu vikubwa na maji mengi, wakaita hayo mapenzi.

Mwaka 2019 madaktari walimwambia kuwa kutetemeka kwa mikono yake ni ugonjwa, na kwamba hautarudi nyuma. Aliupokea kama taarifa ya hali ya hewa. Kilichomkosesha usingizi ni Dereva, ambaye alikuwa ameshastaafu na hakuwa na la kumwamsha asubuhi.

"Kaka," alimwambia ndugu yake, "huyu mwanamume nikimwachia madirisha matupu, hatamaliza mwaka. Lazima ajue kuyatunza kabla sijaondoka."

Mtoto wao mkubwa, kwa nia njema, aliwaletea maua ya plastiki yasiyohitaji kazi. Opereta alimshukuru, akayaweka chooni. Akaanza kumfundisha mumewe. Dereva alimwagilia juu ya majani kama anaosha lori, na mimea miwili ikaoza. Kukata ndiko kulikomshinda zaidi; alishika kisu, akakiweka chini, akakishika tena.

"Nikikata nitaliua," alisema.

"Sasa hivi ndiyo linakufa, wewe umelitolea macho tu. Kata, baba."

Akakata. Lilipotoa jani jipya aliwapigia simu watoto wote watatu, na waliokuwa kazini aliwapigia tena jioni.

Mwezi Julai mwaka huu kifua kilimbana, na Jumanne tarehe 6 Agosti asubuhi akafariki nyumbani, mume wake akiwa kando ya kitanda. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka wawili, na madirisha yaliyojaa. Wanaotaka kumfariji Dereva wasimletee maua ya kununua. Wamletee yaliyowashinda.

Kaka yake mkubwa alimwona mara ya mwisho Jumapili, siku mbili kabla. Alikuwa ameegemezwa mito, na Dereva alikuwa ameketi na gazeti magotini, akihamisha vayoleti ya jirani. Alipomaliza alimsogezea mkewe chungu. Opereta aliugusa udongo kwa kidole kilichokuwa kikitetemeka.

"Umelishindilia," alisema. "Litapumulia wapi? Toa, anza upya."

Dereva alilitoa. Akaulegeza udongo kwa vidole, akalipanda tena, akalinyanyua amwonyeshe. Opereta alikuwa ameshalala. Mumewe alibaki amekishika chungu, na hakuna aliyemwamsha mkewe.

Na apumzike hivyo hivyo.